Ridge Route ya California: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu barabara kuu iliyoachwa milimani

Kaskazini ya jiji la Los Angeles, katikati ya vichaka vikavu vya mlimani, kuna barabara ya zege ambayo sehemu yake ya kati haipitiwi tena na gari. Ilikuwa barabara kuu ya jimbo la California, na kwa miaka 18 hivi malori na mabasi yalipanda na kushuka humo usiku na mchana. Hapa chini ni maswali yanayorudiwa sana kuihusu. Majibu hayalingani urefu, kwa kuwa maswali yenyewe hayalingani uzito. Maili na futi nimezigeuza kuwa kilomita na mita, ila pale tarakimu ya asili ina umaarufu wake.

Ridge Route ni barabara gani hasa?

Ni barabara ya kwanza iliyojengwa makusudi kwa ajili ya magari ili kuunganisha Los Angeles na Bonde la San Joaquin kwa kupita juu ya milima iliyo kati yao. Ilifunguliwa mwaka 1915. Jina lake linatokana na jinsi ilivyopitishwa: juu ya migongo ya milima, si chini mabondeni. Watu wengine wakisema Ridge Route wanamaanisha safari nzima kutoka Bonde la San Fernando hadi Grapevine, mahali mlima unapomaliziana na tambarare upande wa mji wa Bakersfield. Wengine, na ndio wengi siku hizi, wanamaanisha kipande cha kati tu, kutoka Castaic hadi Gorman, ambacho ni yapata kilomita 58. Ukurasa huu unazungumzia hicho cha kati, kwa sababu ndicho kilichoachwa kikabaki na sura yake.

Inaanzia wapi na kuishia wapi?

Anzia Castaic, mji mdogo uliopo kando ya barabara kuu ya I-5, kwenye mwinuko wa mita 370 hivi kutoka usawa wa bahari. Hapo Ridge Route inaanza kama barabara ya kawaida ya mtaani, yenye lami ya juzijuzi, nyumba, na wakazi wanaoitumia kwenda kazini. Ukiendelea kaskazini nyumba zinapungua, mlima unaanza kukaza, na baada ya kilomita kadhaa unakutana na barabara iitwayo Templin Highway. Hapo ndipo mambo ya leo yanapoishia.

Mbele yake unaingia Msitu wa Taifa wa Angeles. Neno msitu lisikudanganye: usitegemee miti mirefu na kivuli. Ni vichaka vigumu, vikavu, vinavyoshika moto kwa urahisi, na udongo wa milima hiyo ni wa kubomoka. Barabara inafuata kila tuta na kila kijibonde. Kuna kipande kinachoitwa Serpentine Drive ambacho kwa kweli ni nyoka. Kuna Swede's Cut, mahali ambapo wajenzi walishindwa kuuzunguka mlima wakaamua kuupasua. Kuta za mkato huo zinafika mita 30 hivi kwenda juu. Wengine waliuita Culebra, kwa kulinganisha na mkato maarufu wa Mfereji wa Panama, ambao ulikuwa umefunguliwa mwaka mmoja tu kabla ya barabara hii.

Kutoka hapo inaendelea kupanda kupitia maeneo yaliyokuwa vituo vya abiria: Reservoir Summit, Kelly's, Tumble Inn. Sehemu ya juu kabisa iko Liebre Summit, karibu mita 1,290. Halafu inateremka polepole hadi Sandberg, inatokea kwenye barabara ya jimbo namba 138, inapita karibu na ziwa Quail, na kuelekea magharibi hadi Gorman. Kipande hiki cha mwisho kinakaa sambamba na ufa mkubwa wa San Andreas, ule unaosababisha matetemeko ya ardhi California. Ziwa Quail lenyewe lilikuwa dimbwi la asili lililotokana na ufa huo. Leo limepanuliwa, na ni sehemu ya mfumo wa mifereji inayoleta maji Los Angeles kutoka kaskazini ya jimbo.

Kabla ya hapo watu walivukaje milima hiyo?

Kwa taabu, au kwa kuzunguka. Mabehewa ya farasi ya kampuni ya Butterfield, yaliyobeba barua kati ya mwaka 1858 na 1861, yalipita bonde la San Francisquito kisha yakapanda hadi Fort Tejon, ngome ya jeshi iliyokuwa milimani. Reli ya Southern Pacific iliyokamilika mwaka 1876 haikuthubutu kwenda moja kwa moja. Ilizunguka mashariki, ikapitia Mojave na Tehachapi. Magari yalipoanza kuonekana, madereva waliokuwa wakienda Bakersfield walichagua kati ya mambo mawili: kufuata reli kwa kuzunguka jangwani, au kupita mabondeni ambako njia ilivuka mto uleule mara nyingi na mvua moja ilitosha kukufungia safari.

Pale Newhall, kusini zaidi, kulikuwa na mkato mwembamba uliochongwa kwenye mwamba miaka ya 1860, uitwao Beale's Cut. Magari ya mwanzo yalipanda mle yakitweta. Mwaka 1910 likachimbwa handaki pembeni yake, na hapo mlango wa kusini wa milima ukawa umefunguka. Kilichobaki ni kuvuka milima yenyewe.

Kwa nini waliipandisha mgongoni mwa mlima, si bondeni kama kawaida?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu jibu lake linaeleza pia kwa nini barabara hii ilikufa mapema.

Njia ya bondeni ilikuwepo. Mto Piru umejichimbia korongo linalokata milima hiyo, na ndiko barabara iliyofuata ilikopita baadaye. Lakini mwaka 1914 kupita kwenye korongo kulimaanisha madaraja, kuta za kuzuia maporomoko, na kuvunja mwamba mwingi, halafu mafuriko yaje yabebe vyote. Mgongo wa mlima hauna mto. Maji ya mvua yanaukimbia, hayaujii. Ukijenga juu, unaepuka madaraja karibu yote, na kazi inayobaki ni kufuata umbo la ardhi.

Na umbo la ardhi lilifuatwa kweli. Wahandisi hawakuwa na fedha za kukata kila tuta wala kufukia kila bonde, kwa hiyo palipokuwa na tuta walilizunguka kwa nje, palipokuwa na kijibonde wakaingia ndani yake na kutoka. Mwinuko ulidhibitiwa usizidi kiwango ambacho gari dogo la enzi zile lingeweza kupanda bila kuzimika. Kona zikaachwa ziwe nyingi zinavyotaka. Kwa maneno mengine, gharama haikuondoka. Ilihamishwa kutoka kwa mjenzi ikapelekwa kwa dereva. Kila tuta ambalo halikukatwa mwaka 1914 lililipwa baadaye kwa petroli, breki, matairi na muda wa watu, kila siku, kwa miaka 18. Wakati ule hesabu ilikuwa sahihi, maana magari yalikuwa machache. Kasoro ni kwamba magari hayakubaki machache.

Ni kweli ina kona 697?

Ndiyo idadi inayotajwa kila mahali kwa kipande cha Castaic hadi Gorman. Gawanya kwa kilomita 58 utapata kona 12 kwa kila kilomita moja, yaani kona moja kila baada ya mita 80 hivi. Aliyezoea kupanda Kitonga pale Iringa anajua kona za kukaza mikono kwenye usukani. Hapa ni hivyo kutwa nzima, bila kupumzika. Kona zilizobana kuliko zote zilikuwa na nusu kipenyo cha mita 21 tu. Lori refu la leo lisingeweza kuikata kona ya namna hiyo bila kuingia upande wa pili wa barabara.

Fedha zilitoka wapi, na ilijengwa kwa vifaa gani?

Mwaka 1909 bunge la California lilipitisha sheria ya barabara kuu za jimbo, na mwaka 1910 wapiga kura waliidhinisha jimbo likope dola milioni 18 kwa hati fungani. Mwaka 1911 ikaundwa Tume ya Barabara Kuu. Milioni 18 zilitakiwa zijenge mtandao wa jimbo zima, kutoka mpaka wa Mexico hadi Oregon, kwa hiyo hapakuwa na mahali pa kutapanya. Kukata na kusawazisha Ridge Route kuligharimu yapata dola 450,000.

Kazi ilifanywa na nyumbu, maana yake chotara wa punda na farasi, si wale wa Serengeti. Walikokota makoleo makubwa ya chuma yanayokwangua udongo, kuubeba hatua chache na kuumwaga upande wa bondeni. Palipohitaji nguvu zaidi, kama Swede's Cut, ililetwa mashine ya kuchimba inayotumia mvuke, na baruti. Ukishajua hivyo, kona zinaeleweka. Nyumbu hawezi kusukuma mlima.

Zege liliwekwa lini?

Si mwanzoni. Ilifunguliwa ikiwa ya udongo na changarawe, na mvua za milimani zikaanza kuila mara moja. Mwaka 1919 barabara ilifungwa kwa miezi mingi ili imwagwe zege lenye nondo, upana wa mita 6 na unene wa sentimita 11 hivi. Kazi hiyo iligharimu yapata dola 700,000, ghali kuliko ujenzi wenyewe.

Kwenye kona mbaya waliongeza kingo za zege upande wa nje. Kingo hizo zilifanya kazi mbili: kuelekeza maji ya mvua yasile tuta, na kulizuia gurudumu la dereva aliyepitiwa. Miaka ya 1920 baadhi ya kona zilichongwa upande wa ndani ili dereva amwone anayekuja, na sehemu nyingine zikapigwa lami juu ya zege. Hadi leo, sehemu ambazo lami imebanduka unaona zege la 1919 likiwa limekaa vizuri kuliko lami iliyolifunika.

Kuiendesha kulikuwaje?

Mwendo ulioruhusiwa ulikuwa maili 15 kwa saa, sawa na kilomita 24. Piga hesabu: kilomita 58 kwa mwendo huo, bila kusimama popote, ni saa mbili na dakika ishirini na kitu. Na kusimama ilikuwa lazima. Rejeta zilichemka wakati wa kupanda, breki zilichemka wakati wa kushuka. Breki za magari mengi ya mwanzo zilishika magurudumu ya nyuma peke yake, kwa hiyo dereva mwenye akili alishuka kwa gia ndogo na kumwachia injini kazi ya kuzuia gari. Asiye na akili, au mwenye lori lililozidiwa mzigo, alikuta breki hazipo.

Malori ndiyo yaliyokuwa tatizo kubwa. Lori lenye mzigo wa mafuta au matunda lilipanda kwa mwendo wa mtu anayetembea, na nyuma yake msururu wa magari madogo yasiyo na nafasi ya kupita. Upana wa mita 6 kwa magari mawili yanayopishana, kwenye kona usiyoona mbele, upande mmoja ukuta na upande mwingine shimo. Wakati wa kipupwe iliongezeka theluji kule Liebre na Sandberg, na ukungu. Abiria walitapika. Hilo limetajwa sana na waliosafiri, na sioni sababu ya kulificha: kona 697 ni kona 697.

Ni kweli kulikuwa na hoteli huko juu?

Kulikuwa na biashara za kutosha kijiji kizima, zimejipanga kama shanga. Kwa kuwa magari yalichemka, mtu aliyekuwa na maji, petroli, fundi na chai alikuwa na uhakika wa wateja. Vituo vingi vilikuwa na pampu ya mafuta, gereji, mgahawa na vyumba vichache vya kulala. Owl Garage jina lake linajieleza. Kelly's ilijitangaza kuwa nusu ya safari kati ya Los Angeles na Bakersfield. Reservoir Summit ilikuwa na mgahawa wenye sifa ya chakula kizuri, ukining'inia kwenye kilele kando ya tangi la maji lililoipa mahali jina. National Forest Inn, yenye vibanda vya mbao vilivyopakwa rangi nyeupe, iliungua mwaka 1932 na haikujengwa tena. Hakukuwa na sababu ya kuijenga, maana barabara mpya ilikuwa tayari inachimbwa upande wa pili.

Tumble Inn ilijengwa kwa mawe, na ndiyo maana mabaki yake ndiyo yanayopigwa picha zaidi: ngazi za mawe zinazopanda kutoka barabarani kwenda mahali ambapo hakuna nyumba.

Iliyokuwa na hadhi kuliko zote ni Sandberg's, hoteli ya magogo ya ghorofa tatu iliyojengwa na Harald Sandberg, mzaliwa wa Norway, karibu na kilele cha kaskazini. Ilikuwa ya wenye nafasi zao. Inasimuliwa kwamba palikuwa na bango la kukataza mbwa na madereva wa malori kuingia. Kwa barabara iliyokuwa ikilishwa na malori, huo ni ujasiri wa aina yake. Jengo liliungua mwaka 1961, wakati huo likiwa limeshaacha zamani kuwa hoteli ya fahari. Jina la Sandberg limebaki kwenye ramani, na pia kwenye taarifa za hali ya hewa, kwa kuwa kuna kituo cha kupima upepo na joto karibu na hapo.

Kwa nini iliachwa?

Kwa sababu hesabu ya mwaka 1914 iligeuka. Mambo mawili yalibadilika karibu kwa wakati mmoja.

La kwanza ni fedha. Mwaka 1923 California ilianza kutoza kodi ya petroli. Kabla ya hapo barabara zilijengwa kwa mkopo, na mkopo una mwisho. Kodi ya petroli haina mwisho: magari yakiongezeka nayo inaongezeka, na dereva anayekwama nyuma ya lori kwenye Ridge Route alikuwa anachangia, kwa kila galoni anayochoma, fedha za kuiondoa Ridge Route. La pili ni mashine. Mwishoni mwa miaka ya 1920 wakandarasi walikuwa na matrekta ya minyororo na makatapila ya kuchimba ambayo nyumbu mia wasingeyafikia. Kukata tuta kukawa rahisi kuliko kulizunguka.

Basi mwaka 1930 ikaanza kujengwa barabara mpya, safari hii kupitia korongo la Piru lililoogopwa mwanzoni. Iliitwa Ridge Route Alternate, jina la ajabu kidogo kwa barabara isiyopita mgongoni. Ilifunguliwa Oktoba 1933, ikagharimu yapata dola milioni 3.5, na ilikuwa na njia tatu za magari badala ya mbili. Safari kati ya Castaic na Gorman ilifupishwa kwa takriban kilomita 15. Kona yake kali kuliko zote ilikuwa na nusu kipenyo cha mita 300 hivi. Linganisha na zile mita 21.

Siku barabara mpya ilipofunguliwa, biashara za mlimani zilikufa. Hakuna aliyezifukuza. Magari hayakupita tu.

Kwa hiyo ilifutwa rasmi lini?

Hadhi ya barabara kuu ilihamia kwenye barabara mpya mwaka 1933. Namba 99 ya mtandao wa kitaifa, iliyokuwa imepewa Ridge Route mwaka 1926 mtandao huo ulipoanzishwa, ilihama nayo. Ya zamani ikabaki njia ya wenyeji, ya walinzi wa misitu, ya zimamoto na ya wanaotaka kutazama mandhari.

Ukitaka kuona jinsi namba zinavyokula zenyewe, fuata mbele. Ridge Route Alternate ilipanuliwa kuwa ya njia nne mwanzoni mwa miaka ya 1950, ikaonekana haitoshi, na mwaka 1970 I-5 yenye njia nane ikakamilika katika milima hiyo. Kisha bwawa la Pyramid likajengwa miaka ya mwanzo ya 1970, na sehemu ya ile barabara iliyoiua Ridge Route ikazama chini ya maji. Namba 99 ya kitaifa nayo ikafutwa California. Kaskazini ya milima, kwenye Bonde la San Joaquin, imebaki kama namba ya jimbo tu. Ridge Route ya 1915, kwa kuwa ilikaa juu na hakuna aliyeitaka ardhi yake, ndiyo iliyobaki nzima.

Je, ni kweli ndiyo iliyoizuia California isigawanyike majimbo mawili?

Husemwa sana, na kuna ukweli ndani yake, ila upunguze chumvi. Wazo la kuikata California vipande viwili ni la zamani kuliko magari, na lilifufuka tena wakati barabara hii inajengwa. Kusini na kaskazini zilitenganishwa na milima hii hii, biashara ikienda kwa reli au meli. Barabara iliyokuwezesha kutoka Los Angeles asubuhi na kulala Bakersfield ilipunguza nguvu ya hoja hiyo. Lakini kudai kwamba barabara peke yake ilizima siasa za jimbo zima ni kuipa sifa ambayo hata wajenzi wake hawakuitafuta.

Bwawa lililopasuka mwaka 1928 lilihusiana vipi na barabara hii?

Halikuipiga moja kwa moja, na hapo ndipo inaonekana faida ya kukaa juu. Bwawa la St. Francis lilikuwa kwenye bonde la San Francisquito, lile lile la mabehewa ya Butterfield. Lilipasuka usiku wa Machi 12, 1928, na maji yakashuka hadi Bahari ya Pasifiki yakiua watu zaidi ya 400. Castaic Junction, njia panda iliyopo kusini ya Castaic, ilisombwa. Kama barabara kuu ingepitishwa San Francisquito, kama ilivyokuwa kwa njia za zamani, wasafiri wa usiku ule wangekuwa ndani ya mkondo.

Nimesikia kuna mahali kwenye I-5 magari yanaendeshwa upande wa kushoto kama kwetu. Ni hapo?

Ni hapo hapo, kaskazini ya Castaic. Kwa kilomita kadhaa barabara mbili za I-5 zinabadilishana pande, kiasi kwamba wanaokwenda kaskazini na wanaokwenda kusini wanapishana kama Dar es Salaam au Mombasa. Madereva wengi hawagundui, kwa sababu barabara hizo zimeachana sana na kilima kiko katikati. Sababu ni mteremko: wajenzi wa I-5 waliitumia barabara ya zamani ya 99, yenye mwinuko mkali, kwa wanaopanda, na wakajenga mpya yenye mteremko wa wastani kwa wanaoshuka, ili malori yenye mzigo yasichome breki. Ilibidi wavukishane ili hilo liwezekane.

Nani aliiokoa isipotee kabisa?

Mtu anayetajwa kwanza ni Harrison Scott, mhandisi mstaafu wa kampuni ya simu, aliyetumia miaka kukusanya picha na kumbukumbu na kusukuma barabara itambuliwe. Mwaka 1997 kipande cha kilomita 28 hivi kilichomo ndani ya msitu wa taifa kiliingizwa kwenye Orodha ya Taifa ya Maeneo ya Kihistoria. Baada ya hapo watu wa kujitolea walifyeka vichaka, wakazibua makalavati na kusafisha mitaro. Kazi hiyo ya mitaro haina mvuto wa picha, lakini kwa barabara ya mlimani ndiyo uhai. Zege halifi kwa kuzeeka, linakufa kwa udongo ulio chini yake kuchukuliwa na maji.

Kwa nini basi imefungwa?

Mvua kubwa za mwanzoni mwa mwaka 2005 ziliibomoa sehemu kadhaa, na mageti yakafungwa kwa magari. Matengenezo yamefanyika kwa vipindi, lakini mageti hayajarudi kuwa wazi kama zamani. Barabara ya namna hii haina mwenyewe anayeililia: kwa jimbo ni jambo la mwaka 1933, kwa wilaya ni gharama isiyo na wapiga kura, kwa idara ya misitu ni barabara ndefu ya zege ambayo haikuiomba. Moto wa vichaka nao unapita mara kwa mara, na mlima ulioungua ukinyeshewa unateremsha tope lote barabarani.

Naweza kwenda kuiona?

Kipande cha kusini, Castaic hadi Templin Highway, unaendesha gari kama barabara nyingine yoyote. Upande wa kaskazini unaweza kuifikia kutoka barabara namba 138 karibu na Sandberg. Katikati, ng'ambo ya mageti, ni kwa miguu au baiskeli, na ni vizuri kuuliza kwanza ofisi ya Msitu wa Taifa wa Angeles, kwa kuwa wakati wa hatari ya moto hufunga eneo lote. Beba maji ya kutosha. Hakuna bomba, hakuna duka, na simu hukosa mtandao. Majira ya joto ni makali. Nyoka wenye manyanga mkiani wapo, nao hupenda kujianika kwenye zege asubuhi kwa sababu linashika joto.

Nikiwa na muda mfupi, nione nini?

Kama huwezi kutembea mbali, acha Tumble Inn kwa leo. Panda kutoka Castaic taratibu, simama popote penye nafasi, tazama chini magharibi. Utaiona I-5 ikiwa imekata vilima kwa mistari mirefu, malori yakishuka. Ukitaka barabara iliyofuata ya 1933, shuka kwa Templin Highway upite chini ya I-5, ugeuke kaskazini kwenye ile ya zamani ya 99 hadi mwisho wake pale Frenchmans Flat. Hapo unaacha gari na kutembea juu ya lami iliyoachwa kando ya mto Piru, kuelekea ukuta wa bwawa la Pyramid.